Kabla Hujabonyeza "Ruhusu": Namna ya Kuzuia Programu za Simu Zisichukue Taarifa Zako na za Watu Wako

Jioni moja ya mwaka 2022 nilipokea ujumbe mfupi kutoka namba nisiyoijua. Ulianza kwa kunisalimu, "Habari Mwalimu Kisimani," kisha ukanijulisha kwamba mtu fulani, ambaye niliwahi kufundisha naye shule moja, amekopa na kukimbia deni, na kwamba mimi, nikiwa mdhamini wake, natakiwa kuhakikisha analipa kabla ya saa nne asubuhi. Sijawahi kumdhamini mtu yeyote kwa mkopo wa simu. Lakini kilichonishtua zaidi ni lile jina, kwa sababu hakuna anayeniita Mwalimu Kisimani. Nilipompigia mwenzangu ndipo aliponieleza, kwa aibu kubwa, kwamba hivyo ndivyo alivyonihifadhi kwenye simu yake, kwa kuwa shuleni tulikuwa walimu wawili wenye jina moja na mimi nilikuwa nimepanga karibu na kisima cha mtaa. Mkopeshaji alikuwa amebeba kitabu chake chote cha majina, watu zaidi ya mia nne, na alikibeba siku ile ile programu ilipowekwa, kabla hata ya fedha kuingia.

Mwenzangu hakufanya jambo la ajabu. Aliweka programu, ikamwuliza maswali manne, akabonyeza "Ruhusu" mara nne. Alichokuwa hajui ni kwamba swali moja kati ya hayo manne halikumhusu yeye peke yake: lilihusu wazazi wa wanafunzi wake, mama yake mzazi, daktari wake, na mimi. Hakuna aliyetuuliza sisi. Ndiyo maana naandika mwongozo huu nikiwa na ombi moja, kwamba unaposhika simu yako uitazame kama mahali ulipowekewa amana na watu wengine.

Ruhusa inatoa nini hasa

Ili ujilinde, kwanza elewa simu inavyofanya kazi. Kila programu ya Android au iPhone hukaa kwenye chumba chake, na haiwezi kusoma majina, ujumbe, picha wala mahali ulipo mpaka mfumo wa simu uifungulie mlango. Mlango huo ndio tunaouita ruhusa. Zamani kwenye Android ruhusa zote zilitolewa kwa mkupuo wakati wa kuweka programu: ama unakubali orodha nzima, ama unaikosa programu. Ni toleo la Android 6.0 la mwaka 2015 lililoanza kuuliza ruhusa moja moja, wakati programu inapoihitaji.

Jambo la kushika ni hili: ruhusa ya majina haimaanishi kwamba programu itachungulia jina moja unalotaka kumtumia fedha. Inamaanisha kwamba inaweza kuyasoma yote, pamoja na namba, barua pepe na, kwenye Android, maelezo uliyoandika pembeni, na kuyanakili kwenda kwenye kompyuta za mwenye programu kwa muda mfupi kuliko wa kumeza mate. Baada ya hapo, hata ukiondoa ruhusa, unafunga mlango wa kesho tu. Nakala ya jana iko kwa wenyewe. Kwa hiyo uamuzi wenye uzito ni ule wa mara ya kwanza, kidole kikiwa juu ya kitufe.

Ruhusa ya ujumbe mfupi kwenye Android ni nzito zaidi hapa kwetu kuliko mahali pengine, kwa sababu ujumbe wetu ndio daftari letu la fedha. Humo mna kila muamala wa M-Pesa, Airtel Money au benki, pamoja na salio lililobaki, jina la uliyemtumia, na siku ulipopokea mshahara. Programu za mikopo zilipenda kusoma ujumbe huo ili kukadiria kipato cha mkopaji. Humo humo huingia namba za uthibitisho ambazo benki hutuma unapotaka kuingia kwenye akaunti, na anayezisoma amepata ufunguo. Google ilianza kuwabana watengenezaji kuhusu ujumbe na kumbukumbu za simu zilizopigwa kuanzia mwisho wa 2018, lakini masharti hayo yanazigusa programu zilizoko kwenye duka lake, si zile zinazotoka nje ya duka.

Kuna pia ruhusa ambayo hutaulizwa kamwe, nayo ni ya kutumia intaneti. Programu yoyote ya Android huipata bila kukuuliza. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na mtengenezaji wa programu ya tochi iliyoitwa Brightest Flashlight, iliyokuwa imepakuliwa mamilioni ya mara, baada ya kubainika kwamba ilikuwa ikituma mahali alipo mtumiaji na namba ya utambulisho ya simu yake kwa kampuni za matangazo. Ilianza kutuma hata kabla mtumiaji hajabonyeza kukubali masharti. Tochi ilifanya kazi yake ya kuwaka vizuri kabisa, na ndiyo sababu hakuna aliyeishuku.

Kabla ya kuweka programu

Fungua ukurasa wa programu kwenye duka na usome sehemu ya usalama wa data, ambayo Google iliianzisha mwaka 2022. Kwenye duka la Apple sehemu kama hiyo ipo tangu mwisho wa 2020. Isome ukijua kwamba anayeijaza ni mtengenezaji mwenyewe. Programu inayokiri kwamba inakusanya majina yako na kuwapa wengine imekupa jibu. Inayodai haikusanyi chochote bado utaipima kwa ruhusa inazoomba.

Kipimo ninachowafundisha wote wanaoniuliza ni kuitaja kazi ya programu kwa sentensi moja, halafu kuuliza kila ruhusa inaingiaje kwenye sentensi hiyo. Programu ya kuita teksi au bodaboda inahitaji kujua ulipo, na hilo ni halali. Kikokotoo hakihitaji kujua ulipo. Programu ya kupiga picha inahitaji kamera, haihitaji ujumbe wako. Biblia au Kurani ya kusoma kwenye simu haina haja na kitabu chako cha majina, hata kama mtengenezaji wake anajitangaza kuwa mcha Mungu.

Kwa programu za mikopo, kuna mambo mawili ya uhakika. La kwanza, tangu tarehe 31 Mei 2023 masharti ya Google Play yanazikataza programu za mikopo binafsi kufikia majina, picha na mahali mahususi alipo mkopaji. Kwa hiyo ukiona programu ya mkopo inakuomba majina leo, ama inavunja masharti ya duka, ama umeipata nje ya duka. Vyovyote iwavyo, iache. La pili, tazama orodha ya wenye leseni. Benki Kuu ya Kenya hutangaza orodha ya wakopeshaji wa kidijitali iliowapa leseni, na Benki Kuu ya Tanzania mnamo Novemba 2024 ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Dakika tano za kupitia orodha kama hizo, kama zingekuwapo wakati ule, zingemwepushia mwenzangu mwaka mzima wa fedheha.

Usiweke programu iliyotumwa kama faili kwenye kundi la WhatsApp au kupitia kiungo cha ujumbe mfupi. Nasema hivyo hata kwa yale matoleo ya WhatsApp yaliyobadilishwa ambayo vijana wengi wanayapenda kwa sababu yanaonyesha ujumbe uliofutwa. Yanasambazwa nje ya duka, na aliyeyabadilisha ana uwezo wa kusoma mazungumzo yako yote kwa kuwa yanapita ndani ya kitu alichokitengeneza yeye.

Programu inapouliza

Anza kwa kukataa. Hii ndiyo njia bora ninayoijua, na haina madhara, kwa sababu programu nzuri ikikosa ruhusa hukosa kazi moja tu, nawe unaweza kuipa ruhusa hiyo baadaye kwenye Mipangilio utakapoihitaji kazi hiyo. Ukikataa ruhusa ya majina, bado unaweza kuandika namba kwa mkono. Ukikataa ruhusa ya ujumbe, unaweza kuisoma namba ya uthibitisho na kuiandika mwenyewe. Programu inayokataa kabisa kufunguka mpaka uipe majina imekuonyesha inachokitafuta.

Pale unapolazimika kutoa, toa kidogo. Kwenye mahali ulipo, chagua iwe wakati unatumia programu tu, si wakati wote, na kama simu yako ni Android 12 au zaidi, chagua kadirio la mahali badala ya mahali mahususi, isipokuwa kwa ramani na usafiri. Kwa kamera na kipaza sauti, Android 11 na kuendelea ina chaguo la kuruhusu wakati huu tu. Kwa picha, Android 14 na iPhone hukuwezesha kuchagua picha chache badala ya kufungua ghala lote, na kwenye iPhone yenye iOS 18 unaweza hata kuchagua majina machache unayotaka programu iyaone.

Kukagua simu uliyonayo

Kazi hii nimeifanya kwenye simu nyingi za ndugu na majirani, na nitaeleza ilivyokuwa kwa shangazi yangu, ambaye anauza vitenge na hutegemea simu kwa kila kitu. Tuliketi mezani baada ya chakula. Tulifungua Mipangilio, tukaingia sehemu ya Faragha, kisha Kidhibiti cha ruhusa. Maneno hutofautiana kidogo kati ya Samsung, Tecno na nyingine, kwa hiyo usipoiona, andika neno "ruhusa" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio, au "permission" ikiwa simu yako iko kwa Kiingereza.

Hapo simu huonyesha ruhusa kwa aina: majina, ujumbe, mahali, kamera, kipaza sauti, picha, kalenda. Tuligusa majina, na programu kumi na saba zikajitokeza. Simu yenyewe, ujumbe, WhatsApp na huduma ya fedha tuliziacha. Halafu tukakuta programu ya kusafisha simu, aliyoiweka baada ya tangazo kumwogofya kwamba simu yake imejaa uchafu. Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwanangu," akaniuliza, "huyu wa kusafisha simu anatafuta nini kwenye majina ya wateja wangu?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu jibu halali halipo. Tuligusa "Usiruhusu", kisha tukaiondoa kabisa.

Baada ya hapo tulifungua Dashibodi ya faragha, iliyopo kwenye Android 12 na kuendelea. Hii ndiyo sehemu ninayomsihi kila mtu aifungue leo, kwa sababu huonyesha saa na dakika ambayo kila programu iligusa mahali, kamera, kipaza sauti na mengineyo katika saa 24 zilizopita. Kwa shangazi, mchezo wa karata aliowekewa na mjukuu ulikuwa umetazama mahali alipo saa nane na dakika kumi na mbili usiku. Saa hiyo yeye alikuwa amelala na simu ilikuwa kwenye chaji. Kuona muda ule umeandikwa kulimfundisha kuliko maelezo yangu yote ya nusu saa.

Zipitie aina zote kwa utaratibu huo, na kwa kila programu uliyoisahau, iondoe. Kwenye iPhone fungua mipangilio, ingia sehemu ya faragha yenye alama ya kiganja cha mkono, nawe utakuta aina nyingi kati ya hizo. Ukishuka chini utakuta ripoti ya faragha ya programu, ambayo ukiiwasha hukuonyesha ruhusa zilizotumika katika siku saba pamoja na anwani za intaneti ambazo kila programu iliwasiliana nazo. Zoea pia kutazama pembe ya juu ya skrini: kwenye Android 12 na kuendelea alama ya kijani hujitokeza kamera au kipaza sauti kinapotumika, na kwenye iPhone nukta ya kijani ni ya kamera, ya rangi ya chungwa ni ya kipaza sauti. Alama hiyo ikiwaka nawe hujapiga simu wala hurekodi chochote, vuta skrini chini uone ni nani.

Kuna milango mingine iliyofichika nyuma ya hii, nayo ndiyo wezi wa fedha wanaipenda. Mmoja ni huduma za ufikivu, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wasioweza kugusa skrini. Programu iliyopewa mlango huu inaweza kusoma kila kilichoandikwa kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Mwingine ni ufikiaji wa arifa, unaomruhusu mtu kusoma ujumbe unapochomoza juu ya skrini, hata kama ulimnyima ruhusa ya ujumbe. Tafuta sehemu zote mbili ndani ya Mipangilio, na kama hutumii kisoma skrini, saa ya mkononi au kifaa kama hicho, programu za kuachwa hapo ni chache mno au hazipo kabisa.

Mwisho wa ukaguzi, futa kitambulisho cha matangazo kwenye Android, yaani namba ambayo wenye matangazo huitumia kukutambua, ambacho hupatikana ndani ya Mipangilio chini ya Google na sehemu ya Matangazo. Kwenye iPhone, tangu Aprili 2021 programu hulazimika kuomba kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti nyingine, wewe kataa.

Na hapa niongeze jambo ambalo halimo kwenye mipangilio. Wengi wetu tumehifadhi namba ya siri ya kadi ya benki kwenye kitabu cha majina kwa jina la uongo, na picha ya kitambulisho cha taifa kwenye ghala la picha. Nimekuta hivyo kwenye simu za watu makini. Programu yenye ruhusa ya majina huisoma namba hiyo pamoja na zingine. Zitoe huko leo.

Kuondoa programu kwa njia iliyo sahihi

Kufuta programu hakufuti akaunti yako. Kabla ya kuiondoa, ingia ndani yake, tafuta sehemu ya akaunti, na uombe akaunti ifutwe. Apple tangu katikati ya 2022, na Google baada yake, zinazitaka programu zenye akaunti ziweke njia hiyo. Hifadhi picha ya skrini inayoonyesha ombi na tarehe. Ondoa ruhusa zote, kisha ndipo uiondoe programu. Ikikataa kuondoka, angalia sehemu ya programu za kusimamia kifaa, uizime humo kwanza.

Kama taarifa zimekwisha kuchukuliwa

Usilipe fedha ili mtu aahidi kuzifuta. Kusanya ushahidi: picha za skrini za ujumbe, namba zilizopiga, saa, na jina la programu kama linavyoonekana dukani. Waombe ndugu na marafiki waliotumiwa ujumbe wakutumie picha zao pia.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na malalamiko yanatakiwa kuchunguzwa na kukamilika ndani ya siku 90. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za Machi 2022 zinakataza wazi kuchukua majina ya simu ya mkopaji ili kuwatumia watu ujumbe anapochelewa kulipa. Ofisi hiyo imekwisha kutoza faini kwa makosa ya aina hii: mwaka 2023 kampuni ya Whitepath ilitozwa shilingi milioni 5 za Kenya, na Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi 2,975,000. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Nilipotumiwa ule ujumbe sheria hiyo ilikuwa haijaanza kutumika. Leo ningelalamika mimi mwenyewe bila kumsubiri mwenzangu, kwa sababu namba iliyochukuliwa na jina lililotumika ni taarifa zangu, na haki ya kuzilalamikia ni yangu hata kama simu haikuwa yangu.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko yote, nalo ni kuwajulisha watu. Mwenzangu alinyamaza kwa wiki mbili kwa sababu ya aibu, na katika wiki hizo mzazi mmoja wa mwanafunzi alituma fedha kwa wale watu, akidhani anamwokoa. Tuma ujumbe siku ile ile, kwa maneno mafupi kama haya:

"Ndugu, programu ya mkopo niliyoiweka kwenye simu yangu imechukua majina na namba zote, pamoja na yako. Huenda ukapigiwa simu au kutumiwa ujumbe ukiitwa mdhamini wangu. Wewe si mdhamini wangu na hudaiwi chochote. Tafadhali usitume fedha, usitoe namba ya kitambulisho, na nihifadhie picha ya ujumbe huo. Naomba radhi."